Mistari Miwili Iliyokataa Kufutika: Uchambuzi wa Kisa cha Ugonjwa wa Fizi

Mgonjwa ninayemweleza hapa ni mwanamke wa miaka 48, fundi wa cherehani anayeshona sare za shule katika kibanda chake Kawangware, Nairobi. Alifika kwenye kiliniki ninakofanya kazi, karibu na Dagoretti Corner, mwishoni mwa Februari, kwa kuwa Januari yote alikuwa amezongwa na wazazi waliotaka sare kabla ya shule kufunguliwa, na wengine hata baada ya kufunguliwa. Amekubali kisa chake kiandikwe, nami nimebadilisha mambo machache yanayoweza kumtambulisha. Ninakiandika kwa sababu kipimo cha majimaji ya kinywa kilinirudisha kwenye swali nililodhani nimekwisha kupata jibu lake. Wenzangu wengi wanaposikia habari za vipimo hivi hutarajia vitoe majibu, ilhali kazi kubwa ya kipimo katika kisa hiki ilikuwa kulikataa jibu nililokuwa nalo.

Alivyofika

Maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Daktari, siku hizi siwezi kukata uzi kwa meno." Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akimaliza mshono, anainama, na kuukata uzi kwa meno ya mbele ya chini. Sasa kato moja la upande wa kushoto lilikuwa likisogea kila alipouma uzi, hata akaamua kufunga wembe kwa mpira kwenye shingo ya cherehani. Damu hakuitaja mpaka nilipomuuliza. Alisema fizi zake zimekuwa zikitoka damu tangu alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa pili, na kwamba mahali panapotoka damu huwa hapapitishi mswaki, ili pasije pakaumia zaidi. Mama yake mzazi alibaki kibogoyo kabla ya kufika miaka 60, kwa hiyo yeye aliliona jambo hili kuwa la ukoo, jambo la kusubiri tu lifike. Magego yake mawili yaling'olewa mahali pengine miaka kadhaa iliyopita, na kwa maelezo yake hakuna aliyempima fizi kabla ya kuyang'oa.

Nilimuuliza kama ninavyowauliza wote: "Mama, una ugonjwa wa sukari? Presha? Kuna dawa yoyote unayotumia kila siku?" Akajibu: "Hapana daktari, sina." Nikaandika kwenye faili kwamba hana kisukari. Havuti sigara wala hatumii ugoro. Katika muda wote wa mazungumzo alikuwa na chupa ya maji ya nusu lita mkononi, akiifungua na kunywa mafunda madogo madogo. Niliiona chupa ile. Ilikuwa Februari, jua la Nairobi lilikuwa kali na vumbi la barabara lilikuwa jingi, nami sikuifikiria zaidi ya hapo.

Alikuwa na meno 26. Kila jino hupimwa sehemu sita kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, kwa hiyo sehemu zilizopimwa zilikuwa 156. Kati ya hizo, 106 zilitoa damu baada ya kuguswa, yaani asilimia 68. Sehemu 41 zilikuwa na kina cha milimita 5 au zaidi, wakati ufizi wenye afya huwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Mfuko wenye kina kirefu kuliko yote, milimita 7, ulikuwa upande wa ndani wa lile kato alilolilalamikia, ambako ukoga mgumu ulikuwa umejijenga kama saruji iliyomwagika ikakauka. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa unaoshikilia mizizi ulikuwa umeliwa, na palipoathirika zaidi ulikuwa umepungua kwa asilimia 45 ya urefu wa mzizi.

Kwa mpangilio uliochapishwa mwaka 2018 na vyama vya wataalamu wa fizi vya Marekani na Ulaya, ugonjwa huu huelezwa kwa hatua, ambayo huonyesha uharibifu uliokwisha kutokea, na kwa daraja, ambalo hukisia kasi ya uharibifu huo. Hatua yake ilikuwa ya 3 kati ya 4. Daraja hupatikana, pasipokuwa na picha za miaka ya nyuma za kulinganisha, kwa kugawanya asilimia ya mfupa uliopotea kwa umri wa mgonjwa: 45 kwa 48 ni 0.94, na chochote kilichoko kati ya 0.25 na 1.0 ni daraja B. Mpangilio huohuo unaagiza kwamba mgonjwa ambaye sukari yake ya miezi mitatu, yaani HbA1c, imefika asilimia 7.0 au zaidi ahesabiwe daraja C, hata kama hesabu ya mfupa inasema vingine. Vivyo hivyo anayevuta sigara 10 au zaidi kwa siku. Niliandika B. Kwenye nafasi ya sukari niliweka kistari, kana kwamba neno "sina" ni matokeo ya maabara.

Mate, majimaji ya ufizi na maji ya kusukutua

Kijiti cha kupimia na picha ya eksirei husimulia yaliyopita. Mfuko wa milimita 7 huenda ulichimbika miaka kumi iliyopita ukatulia, au huenda unachimbika wiki hii, na kijiti hakiwezi kutofautisha. Damu nayo ni shahidi wa upande mmoja. Niklaus Lang na wenzake nchini Uswisi, katika tafiti walizochapisha mwaka 1986 na 1990, walionyesha kwamba sehemu isiyotoa damu katika ukaguzi wa mfululizo ni nadra sana kuendelea kuharibika, lakini hata ile inayotoa damu kila inapokaguliwa huharibika zaidi katika takriban asilimia 30 tu ya nafasi. Hapo ndipo viashiria vya kibayolojia vinapopata kazi. Tunatafuta katika majimaji ya kinywa chembe zinazotolewa wakati ule ule tishu inapovunjwa, ili tujue kinachoendelea leo.

Kiashiria kilichochunguzwa kwa kina kuliko vingine vingi ni kimeng'enya kiitwacho MMP-8. Hubebwa na nyutrofili, zile chembe nyeupe za damu ambazo ndizo za kwanza kufika penye bakteria, na kazi yake ni kukata kolajeni ya aina ya kwanza, ambayo ndiyo kamba kuu ya ufizi na ya nyuzi zinazolifunga jino kwenye mfupa. Kolajeni hukatwa vipande viwili, robo tatu upande mmoja na robo upande mwingine, kisha vimeng'enya vingine humalizia. Jambo la kuzingatia ni kwamba MMP-8 huhifadhiwa ikiwa imelala, na ikiamshwa ndipo hukata. Kwa hiyo kupima jumla yote, iliyolala pamoja na iliyoamka, si sawa na kupima ile iliyoamka. Timo Sorsa na wenzake huko Helsinki wameshughulikia suala hili kwa miongo kadhaa, na kutokana na kazi yao kukapatikana kipimo cha kufanyiwa kando ya kiti cha mgonjwa, chenye mpaka wa nanogramu 20 za MMP-8 iliyoamka katika kila mililita ya maji ya kusukutua.

Kimeng'enya hiki si mpita njia anayeonekana tu palipo na vita. Mwaka 1983 Lorne Golub na wenzake katika jimbo la New York walionyesha kwamba dawa za jamii ya tetrasaiklini huzuia vimeng'enya vya kukata kolajeni, na kwamba uwezo huo hautegemei uwezo wake wa kuua bakteria. Kutokana na hilo, mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha doksisaiklini ya miligramu 20 mara mbili kwa siku kwa ugonjwa wa fizi, dozi ndogo isiyotosha kuua bakteria. Sikumpa mgonjwa huyu dawa hiyo, lakini historia yake ndiyo inayonifanya nikichukulie kimeng'enya hiki kwa uzito.

Pamoja na MMP-8 zipo protini za kupeana taarifa kati ya chembe, kama intaleukini-1 beta na intaleukini-6, ambazo huchochea mchochota, yaani uvimbe na wekundu wa tishu, na ipo RANKL, ambayo huamuru chembe za kula mfupa zikomae. Hizi kwetu bado ni za maabara.

Majimaji yenyewe ni ya aina zaidi ya moja, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Mate hutoka kwenye tezi, nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na zaidi ya asilimia 99 ni maji. Majimaji ya ufizi ni kitu kingine: huchuruzika kutoka kwenye mishipa midogo ya damu hadi ndani ya mfuko ulioko kati ya jino na ufizi, kwa kiasi kidogo mno kisichofika hata maikrolita moja katika sehemu yenye afya, kisha humwagikia kwenye mate. Mkaazi wa Nairobi atalielewa jambo hili akifikiria mito yetu. Mto Mathare na Mto Ngong huingia katika Mto Nairobi, na anayechota maji baada ya makutano atajua kama ni machafu, lakini hatajua uchafu umeletwa na mto upi. Mate na maji ya kusukutua ni maji ya baada ya makutano. Anayetaka kujua chanzo hana budi kupanda hadi kwenye kijito chenyewe, yaani kuingiza kipande cha karatasi ndani ya mfuko wa jino moja.

Mate tuliyachukua asubuhi, kabla hajala kitu. Alikaa ameinamisha kichwa, mdomo wazi kidogo juu ya kichupa, bila kutema wala kutafuna, kwa dakika 5. Yalipatikana mililita 1.2, yaani mililita 0.24 kwa dakika. Ukavu wa kinywa kwa kipimo huhesabiwa pale mate yanapokuwa chini ya mililita 0.1 kwa dakika, kwa hiyo hakuwa amefika huko, ila mate yake yalikuwa mazito na yalivutika kama uzi kutoka mdomoni hadi kwenye kichupa. Nililiandika hilo, na chupa ya maji ilikuwa palepale miguuni pake.

Kipimo cha kusukutua ni rahisi zaidi. Husukutua kwanza kwa maji ya kawaida kwa sekunde 30 na kutema, husubiri dakika moja, kisha husukutua kwa mililita 5 za maji yaliyosafishwa kwa sekunde 30 nyingine na kuyarudisha kikombeni. Maji hayo huchujwa, matone matatu au manne hudondoshwa kwenye kibao cha plastiki, na baada ya dakika 5 husomwa mistari. Mstari mmoja maana yake kimeng'enya kiko chini ya mpaka. Miwili maana yake kimeufikia au kimeupita. Mama huyu alikitambua mara moja. "Hiki ni kama cha mimba," alisema, naye alikuwa sahihi kwa namna kinavyofanya kazi, kwa kuwa vyote viwili hutegemea kingamwili zinazokamata protini moja mahususi. Mistari miwili ilitokea kabla dakika 3 hazijaisha.

Sampuli zilizoharibika

Majimaji ya ufizi tuliyachukua sehemu mbili: kwenye ule mfuko wa milimita 7, na kwenye chonge la juu lenye kina cha milimita 2 kwa ajili ya kulinganisha. Jino huzungushiwa pamba, hukaushwa taratibu, kisha karatasi nyembamba isiyozidi upana wa njiti ya kiberiti huingizwa kwenye mdomo wa mfuko kwa sekunde 30. Karatasi ya kwanza kwenye kato ilitoka na doa la waridi kwenye ncha. Damu ina nyutrofili zake na protini zake, na karatasi yenye damu haipimi tena majimaji ya ufizi, kwa hiyo tuliitupa, tukasubiri, tukachukua nyingine ambayo ilitoka safi, imelowa nusu.

Sampuli zikawekwa kwenye kisanduku cha barafu na kupewa mwendesha bodaboda azipeleke maabara upande wa pili wa mji. Mvua kubwa ilinyesha alasiri hiyo, magari yakakwama, naye akajikinga chini ya daraja kwa zaidi ya saa mbili kama mtu yeyote mwenye busara angefanya. Barafu tuliyoweka sisi ilikuwa kidogo. Vichupa vilifika vikielea katika maji ya uvuguvugu. Maabara ilivipima hivyo hivyo, na matokeo yalionyesha intaleukini-1 beta ya mfuko wa milimita 7 ikiwa karibu sawa na ya ufizi wenye afya.

Ninalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu namba ile ilikuja imechapwa vizuri, ina desimali mbili, na mtu asiyejua safari ya kisanduku angeiamini. Mate na majimaji ya ufizi yamejaa vimeng'enya vinavyoendelea kukatakata protini hata baada ya kutoka kinywani, na joto huvisaidia. Kama ningeyaweka matokeo yale kwenye faili kama kianzio, basi miezi mitatu baadaye sampuli iliyohifadhiwa vizuri ingeonekana kama ugonjwa umepanda, hata kama mgonjwa angekuwa amepata nafuu. Niliyafuta yote. Wiki iliyofuata, kabla ya matibabu kuanza, nilimwomba arudi. Alikubali, ingawa kila asubuhi anayofunga kibanda ni pesa iliyopotea, na safari hii kisanduku kilijaa barafu hadi juu na kikaondoka saa mbili asubuhi.

Matibabu na miezi mitatu

Alisafishwa juu na chini ya ufizi kwa ganzi, vikao viwili katika wiki mbili. Kikao kirefu zaidi kilikuwa cha kuzungumza. Ilibidi kumwondoa kwenye imani kwamba penye damu pasiguswe, nami nilimweleza jaribio la Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, la mwaka 1965, ambapo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Wote walipata mchochota wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21, na waliporudia kusafisha, fizi zao zikapona kwa takriban wiki moja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo nilikuwa nauacha ugonjwa pale pale ulipo." Brashi ndogo za katikati ya meno, ambazo wagonjwa wengi huziacha baada ya siku tatu, yeye alizimudu siku hiyo hiyo. Mikono iliyozoea kutia uzi kwenye sindano haikupata taabu.

Mwishoni mwa Mei alirudi. Sehemu zilizotoa damu zilikuwa zimeshuka kutoka 106 hadi 19, yaani asilimia 12. Sehemu zenye kina cha milimita 5 au zaidi zilikuwa zimebaki 6 kati ya 41. Ufizi ulikuwa umekaza, rangi imerudi, na kato lilisogea kidogo kuliko mwanzo. Kwa jicho na kwa kijiti haya ni matokeo mazuri, ambayo huwa ninayafurahia na kumpangia mgonjwa tarehe ya mbali. Maji ya kusukutua, hata hivyo, yalitoa mistari miwili.

Kwanza nilikilaumu kipimo. Nilichukua kibao kingine cha boksi jipya wiki moja baadaye, mistari ikawa miwili tena. Nikatafuta vyanzo vingine, kwa sababu kimeng'enya hiki hakina anwani: kidonda cha kinywa kinaweza kukileta, jeraha la jino lililong'olewa linaweza, gego la mwisho lililofunikwa nusu na ufizi linaweza. Hakuwa na lolote kati ya hayo. Mifuko 6 iliyobaki ingeweza kuwa sababu, na mwenzangu mmoja alisema tuisafishe tena tumalize. Hoja yake ilikuwa nzuri, na kuisafisha tuliisafisha.

Matokeo ya majimaji ya ufizi ndiyo yaliyonizuia kuridhika. Kwenye kato, ukolezi wa intaleukini-1 beta ulikuwa karibu haujabadilika, na mtu angeweza kusema matibabu hayakufanya kitu. Lakini ukolezi hudanganya. Ufizi unapovimba hutoa majimaji mengi, na majimaji mengi huzimua kilichomo. Ufizi unapopona majimaji hupungua, na kidogo kilichobaki huonekana kimekolea. Ndiyo maana ni bora kuhesabu jumla iliyokusanywa kwa sekunde 30, na jumla hiyo kwenye kato ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Safari hii tulikuwa tumeongeza sehemu moja, gego la chini kulia lenye mfuko wa milimita 5, na jumla yake ilikuwa kubwa kuliko ya kato. Palikuwa na moto mahali ambapo ukoga haukuwepo tena wa kuueleza: nilikuwa nimelikagua gego lile mara mbili, na mzizi wake ulikuwa laini.

Ufizi uliosafishwa vizuri, katika kinywa cha mtu asiyevuta sigara na anayepiga mswaki ipasavyo, ukiendelea kumwaga kimeng'enya, basi swali huhama kutoka kwenye jino kwenda kwa mwenye jino. Niliinua macho kutoka kwenye karatasi, na chupa ya maji ilikuwa pajani mwake. Nikamuuliza mara ya pili, na safari hii niliuliza vingine: "Mama, ulipimwa sukari lini mara ya mwisho?"

Akasema: "Sijawahi kupimwa, daktari."

Tangu Februari neno "sina" lilikuwa na maana hiyo. Hakunidanganya. Niliuliza swali ambalo mtu asiyepimwa hawezi kulijibu vingine, nikalichukua jibu lake kama ushahidi. Tulimchoma kidole palepale kitini: sukari ilikuwa milimoli 14.6 kwa lita, wakati kipimo cha wakati wowote kikifika 11.1 kwa mtu mwenye kiu na haja ndogo za mara kwa mara huwa ni dalili ya wazi ya kisukari. Alikiri kwamba huamka usiku mara tatu au nne na alidhani ni umri. HbA1c ilirudi asilimia 8.9, kisukari huthibitishwa kuanzia 6.5. Nilifungua faili, nikakata B, nikaandika C.

Kinachoweza kusemwa na kisichoweza

Kipimo cha kusukutua hakikugundua kisukari. Hakina uwezo huo, na ningesikitika kama msomaji angeondoka na wazo hilo. Kilichoonekana ni kwamba kimeng'enya kilibaki juu kuliko hali ya fizi ilivyostahili, na pengo kati ya vitu hivi viwili ndilo lililonilazimisha kuuliza tena. Njia inayounganisha sukari na ufizi inajulikana vya kutosha. Sukari inapokuwa nyingi kwa muda mrefu hujishikamanisha na protini za mwili, na mchanganyiko huo hukamatwa na vipokezi vilivyo juu ya chembe za kinga, ambazo huchochewa kutoa intaleukini na vimeng'enya kupita kiasi. Bakteria wachache waliobaki baada ya kusafisha hupokewa kama jeshi zima. Uhusiano huu huenda pande zote mbili: uchambuzi mkubwa wa pamoja wa tafiti, uliochapishwa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2022, ulionyesha kwamba kutibu fizi kwa watu wenye kisukari hushusha HbA1c kwa wastani wa asilimia 0.43 baada ya miezi mitatu hadi minne.

Alianza metformini katika hospitali niliyomwelekeza, akapunguza sukari kwenye chai hadi kuiacha, na mwishoni mwa Agosti HbA1c yake ilikuwa 7.1. Sehemu zilizotoa damu zilikuwa 11, yaani asilimia 7. Mifuko ya milimita 5 ilibaki miwili. Maji ya kusukutua yalitoa mstari mmoja. Nilikisubiri kibao kile dakika 5 kamili, kisha nikasubiri nyingine 2, ingawa maagizo hayataki kisomwe kwa kuchelewa.

Siwezi kusema ni nini hasa kilichoufuta mstari wa pili. Baada ya ukaguzi wa Mei tulisafisha tena mifuko 6, muda mfupi baadaye dawa ya sukari ikaanza, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa hodari wa brashi. Mambo matatu yaliyofanyika kwa pamoja kwa mtu mmoja hayatenganishwi baadaye kwa kufikiri tu. Wala siwezi kuipa fizi sifa ya kushuka kwa HbA1c kutoka 8.9 hadi 7.1, kwa kuwa fungu lake, kwa wastani niliotaja, ni dogo, na lililobaki ni la dawa na chai isiyo na sukari. Ninachoweza kukisimamia ni mpangilio wa matukio: kijiti kiliridhika mwezi Mei, kimeng'enya hakikuridhika, na mwili ulikuwa na sababu.

Kwa wenzangu wanaofikiria kuanza kutumia vipimo hivi, ningeshauri kwa moyo wote visitumiwe mara moja tu kwa mgonjwa. Februari kipimo hakikuniambia chochote ambacho sehemu 106 zenye damu hazikuwa zimekisema. Thamani yake ilitokea kiliporudiwa katika kinywa kilekile, na kusomwa pamoja na kijiti. Ningeshauri pia kwamba kabla ya kununua boksi la kwanza la vibao, kila kiliniki iwe na mashine ya kuchoma kidole, ambayo ni rahisi kupatikana na ambayo, kama ningeitumia siku ya kwanza, ingetuokolea miezi mitatu.

Mama sasa huja kila baada ya miezi mitatu. Kato limebaki, tumelifunga kwa jirani zake kwa waya mwembamba upande wa ndani, na wembe bado uko kwenye shingo ya cherehani kwa sababu nimemkataza kurudia kukata uzi kwa meno. Ziara ya mwisho alikuja na mdogo wake wa miaka 41, anayeuza mboga katika soko la Toi, ambaye fizi zake hutoka damu akila hindi la kuchoma na ambaye naye aliamini kwamba ni za mama yao. Nilimkaribisha kitini, na kabla sijagusa kijiti wala kikombe cha kusukutua nilimuuliza alipimwa sukari lini. Alimtazama dada yake kwanza, kisha akaninyoshea kidole.